Mvi za Sara
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kama ulikuwa miongoni mwa waliobanana katika yale madarasa mawili tuliyoondoa ukuta wa mbao katikati, muhula wa kwanza, kutazama tamthilia ya Bembea ya Maisha, bila shaka unawakumbuka Yona na Sara. Waliosifiwa ni waigizaji, nao walistahili. Lakini zile mvi za vichwani mwao hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka katika mikono yangu mimi. Nataka kukusimulia zilivyopatikana, kwa sababu kwanza zilinitia aibu, halafu zikanionyesha jambo la nyumbani kwetu ambalo nilikuwa nimeishi nalo miaka mingi bila kuliona.

Mimi niliomba kuwa Neema. Sauti yangu, kama wajuavyo wanaoketi karibu nami darasani, ni ya panya aliyebanwa mlangoni. Nilipomaliza kusoma kipande changu mwalimu akasema, "Asante sana. Wewe utatushughulikia vichwa." Nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa amemaanisha. Tamthilia hiyo ya Timothy Arege, ambayo sisi tunaisoma kama kitabu teule, inahusu wazazi waliokwisha kula chumvi nyingi: Sara ni mgonjwa, naye mumewe Yona ameharibiwa na pombe. Sara wetu ana miaka kumi na saba na anakimbia mbio za mita mia nane. Yona wetu ni mlinda lango. Wote wawili wana nywele fupi nyeusi ti kama makaa, na kazi yangu ilikuwa kuwazeesha.

Mazoezi ya kwanza ya maleba yalikuwa Ijumaa. Nilibeba kutoka nyumbani nusu gilasi ya unga wa ngano uliobaki wa chapati, nimeufunga katika karatasi ya daftari. Nani asiyejua? Katika michezo ya shule tangu zama na zama, mzee ni kijana aliyemwagiwa unga kichwani, akapewa mkongojo na kuambiwa akohoe. Niliwapaka, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, nikajipongeza.

Dakika tano hazikuisha. Yona ni mlevi, na mlevi wetu aliigiza kwa bidii; alipotikisa kichwa kwa hasira wingu likapaa, akapiga chafya tatu mfululizo na maneno yote yakampotea. Jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati, jasho likaanza kutoka. Unga na jasho, mpenzi msomaji, huzaa nini? Uji! Ulimtiririka mpaka kwenye nyusi ukakaukia hapo, akawa anaonekana kama mtu aliyetumbukia katika sufuria ya mandazi.

Lakini yake yalikuwa afadhali. Sara nilitaka aonekane mzee kabisa, kwa hiyo nilimpaka kichwa kizima, nyusi, hata kope, na chini ya macho nikampaka masizi ya sufuria. Alipoingia ameinama, wale wadogo wa Kidato cha Kwanza waliokuwa wanachungulia dirishani walirudi nyuma. Kisha mmoja wao akapaza sauti, "Omorogi!" Yaani mchawi. Darasa zima likaangua kicheko. "Omorogi! Achomwe!" Nami nilicheka. Sitaki kudanganya katika jarida hili. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana niliona kama ni sifa ya kazi yangu.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alisimamisha mazoezi. "Mnajua mnachosema?" Hakuna aliyejibu. "Haya, nendeni nyumbani. Na wewe wa vichwa, sitaki kuona unga tena hapa. Nataka mvi."

Wiki iliyofuata nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nilisaga chaki nyeupe kwa jiwe. Chaki inashika kidogo kuliko unga, lakini weupe wake ni mkali mno, na mtu akiisugua kichwani kwa nguvu anakwaruzwa. Nikajaribu majivu ya kuni. Rangi yake nilipenda sana, ni kijivu chenyewe, ila majivu yakikutana na jasho yanawasha. Tulisoma katika kemia kwamba maji ya majivu ni ya upande wa besi, lakini ni Yona aliyeyasoma kwa ngozi yake, akakimbilia tangi la maji huku anapiga kelele. Mtu mmoja akashauri ile dawa nyeupe ya kupaka raba. Mwalimu akakataa katakata. Alisema kitu kilichotengenezewa viatu kibaki viatuni.

Halafu mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Tabaka akaleta kopo la Blue Band limejaa vumbi la mawe ya sabuni. Wasomaji wa kutoka mbali labda wanavijua vinyago na bakuli za Kisii lakini hawajaona zinakochongwa. Huko Tabaka mchongaji akishinda kazini, jioni anarudi nyumbani na mvi za siku moja: kichwa, nyusi, mikono, yote ya kijivu, hata kama ni kijana. Mwenzetu alisema alipokuwa mdogo alidhani baba yake anazeeka kila siku na kupona usiku. Wazo lilikuwa zuri ajabu. Tena si geni, maana jiwe hilo lina madini ya talki, na talki ndiyo iliyosagwa miaka mingi kutengenezea poda ya watoto. Nilimpaka Sara kidogo tu upande mmoja. Lo! Zilikuwa mvi kweli. Lakini nilipolifungua lile kopo mara ya pili tulikohoa sote, na mwenzetu akasema polepole kwamba hata baba yake hukohoa, hasa akichonga jiwe likiwa kavu. Mwalimu akafunga kopo. Vumbi la mawe likizoeleka kifuani linaumiza mapafu, na hakuna mchezo wa kuigiza unaostahili mapafu ya mtu.

Nikakata tamaa. Nikamwambia mwalimu vikundi vile vikubwa vinavyozunguka mashuleni kuigiza vitabu teule vina rangi maalumu za nywele, za majimaji na za vijiti kama krayoni, na sisi hatuna hela. Akaniuliza swali moja tu. "Wewe umewahi kuangalia kichwa cha mzee? Kuangalia, si kuona."

Ninaishi na nyanya yangu, mama yake baba. Kwa Ekegusii namwita magokoro. Nyumba yetu iko upande wa Nyamira, na shuleni navuka kwenda upande wa Kisii, kwa maana Keroka ni mji uliokatwa na mpaka wa kaunti; unaweza kununua ndizi kaunti moja ukadai chenji kaunti nyingine. Kichwa cha mzee kilikuwa nyumbani kila siku, kikinipikia chai saa kumi na moja alfajiri. Lakini nilipojaribu kukumbuka nywele zake, sikuweza. Magokoro haonekani bila kitambaa. Nilikuwa nimedhani ni mambo ya kanisa.

Jumamosi alienda nyuma ya jikoni na beseni. Nikamfuata na daftari langu kama mwandishi wa habari. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, kitambaa kiko magotini, mkononi ana mswaki mkuukuu, na chini kuna kikombe kilichovunjika mkono kimejaa kitu cheusi kama lami.

"Magokoro, unafanya nini?"

"Naosha kichwa."

"Kwa mswaki?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Funga huo mlango wa ua."

Ilikuwa kanta. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umeshapakwa, mweusi kuliko wangu. Upande wa kushoto ulikuwa bado, wa rangi ya moshi. Karibu na sikio palikuwa na vipele, kwa sababu kanta inamwasha na bado anaipaka. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue, kwani ni nani asiyejua kwamba yeye ni mzee? Akanijibu bila kuniangalia, na maneno yake nayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyashika.

"Mambo ya 2008 wewe ulikuwa hujazaliwa," alisema. Mwezi wa Mei mwaka huo watu 11 walichomwa moto hadi kufa huku Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Wanane kati yao walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wazee. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine wengi waliuawa hivyo hivyo Gusii yetu hii, naye anakumbuka moshi, ingawa hakutaka kusema ulikuwa wa nyumba gani. Halafu Oktoba 2021, mimi nikiwa shule ya msingi, wanawake wanne wazee wakauawa kule Marani kwa neno lilo hilo. Hiyo mimi mwenyewe naikumbuka kwenye redio. Nilikumbuka pia kwamba magokoro aliizima.

"Wiki ile ile," akaendelea, "nilipeleka majani chai kituoni. Kijana mmoja, namjua tangu amebebwa mgongoni, akaniambia, 'Nyanya, hizo mvi zako zinamulika usiku?' Watu wakacheka."

"Na wewe?"

"Nami nilicheka. Ningefanya nini? Nilicheka nao, nikapimiwa majani yangu, nikapita moja kwa moja mpaka dukani nikanunua kanta." Akachovya mswaki. "Mwanamke mzee, mjane, mvi kichwani, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Hiyo ni kesi tayari, mjukuu wangu. Macho siwezi kuyapaka rangi. Nywele naweza."

Mpenzi msomaji, kicheko changu cha Ijumaa kilinirudi kooni kama mfupa wa omena. Nilitamani ardhi ipasuke. Yale masizi niliyompaka Sara chini ya macho, wala hayakutoka kwa mwandishi wa tamthilia. Yalikuwa yangu. Niliambiwa nitengeneze mgonjwa mzee, mkono wangu ukatengeneza omorogi, na hakuna aliyeufundisha.

Nikamweleza magokoro habari ya mchezo, yote, hata kicheko. Nilitazamia anikaripie. Alikaa kimya, halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ati shule imekutuma utafute mvi, na mimi hapa natafuta pa kuzificha! Haya, lete kiti. Angalia upande huu kabla sijaupaka."

Basi niliangalia. Niliangalia mpaka chai ya saa nne ikapoa. Jambo la kwanza, mvi hazikuwa nyeupe. Zilikuwa na rangi kama kumi: nyingine kama pamba, nyingine kama maziwa yaliyoganda, na za mbele, ambazo hukutana na moshi wa kuni, zilikuwa na umanjano kidogo. Jambo la pili, hazikuenea sawasawa. Kwenye panja zilikuwa nyingi, kwenye paji la uso zilikuwa mstari mzito, utosini zimechanganyika na nyeusi, na kisogoni palikuwa karibu peusi kabisa. Hata nyusi moja ilikuwa na mvi kuliko nyenzake. Tena nywele zenyewe zilikuwa zimepungua, ngozi inaonekana chini yake.

Mwalimu wa biolojia alinisaidia sababu yake. Katika shina la kila unywele mna seli zinazotia rangi iitwayo melanini. Seli hizo zikichoka, unywele unaoota baada ya hapo unatoka bila rangi. Kila shina huchoka kwa wakati wake, hivyo nyeusi na nyeupe huishi pamoja miaka mingi, na mara nyingi kijivu unachokiona kwa mbali ni mchanganyiko wa hizo mbili tu. Ndiyo kusema kumwaga unga kichwa kizima ni kumwambia mtazamaji kwamba mashina yote yalichoka siku moja. Hawezi kukuambia kosa liko wapi lakini atacheka.

Sasa nikuambie nilivyofanya, pengine mwaka ujao utakuwa wewe. Nilichukua unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kutilia uzito mchuzi, vijiko viwili. Nikaongeza kakao, kiasi cha kushikwa na vidole viwili tu, ili kuua weupe. Nikaukoroga kwa jeli ya nywele mpaka ukawa mzito kama dawa ya meno, kwa sababu jeli ikikauka inashika, haipeperuki wala haiwi uji upesi. Kwanza nilipaka kidogo mkononi mwa mwigizaji na kungoja siku moja nione kama ngozi itakataa. Haikukataa. Halafu nikachukua mswaki mkuukuu. Ndiyo, mswaki. Nikaufuta kwanza kwenye karatasi mpaka ukabaki na rangi kidogo sana, nikaanza kwenye panja, nikigusa ncha za nywele tu, kwa mikwaruzo mifupi, nikipunguza kadiri ninavyorudi nyuma. Nikamaliza nikaenda kusimama mwisho wa chumba, maana mvi za mchezo hupimwa kwa macho ya aliyeketi nyuma, si ya aliyeshika kioo.

Yona alitaka ndevu za pamba. Nikamwonyesha jinsi pamba inavyomfanya mtu awe Baba Krismasi, akaniacha. Yeye ni mlevi asiyenyoa, kwa hiyo nilikata kipande cha sponji ya godoro, nikakichovya katika rangi ile ile na kumdonadona kidevuni na mashavuni. Zikatokea ndevu za siku nne. Masizi ya macho ya Sara niliyatupa. Kope sikuzigusa. Wanja wa kahawia nilitumia kidogo tu, kufuata mikunjo ambayo uso wake mwenyewe hufanya anapokunja paji.

Siku hizo mwalimu alitueleza, bila kumtaja mtu wala kunitazama, kwamba si huku kwetu tu. Kule pwani, Kilifi, wazee wengi wameuawa kwa shutuma hizo, na huko wanaume ndio hasa huziogopa mvi zao. Wapo wanaozipaka rangi nyeusi, na wapo waliokimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, wakapewa hifadhi. Darasa lilikuwa kimya. Yule aliyesema "achomwe" alikuwa anachora dawati kwa kalamu, kichwa chini.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Magokoro alikuja, kitambaa kichwani, akaketi benchi la pili. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la shuka, mikono inatetemeka, nimeushika mswaki kama mtu aliyeshika mshumaa. Sara akaingia. Nilingoja lile neno. Nilisikia viatu, nikasikia mtu anakohoa, nikasikia bati linalia kwa joto. Halafu kule mbele, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ambayo nadhani alidhani ni ndogo, "Aki anafanana na nyanya yangu."

Mengine mliona wenyewe, sina haja ya kuyarudia. Ila hamkuona ya Yona. Maji yalikuwa yamekwisha tangini, kwa hivyo alienda nyumbani na mvi zake. Barabarani kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akamwita "Omogaka!" kwa heshima zote, akataka kumsaidia kupanda. Yona alikubali, na alipofika hakulipa nauli kamili. Tulicheka sana Jumatatu. Nilicheka pia, lakini nilikuwa na swali ambalo sikuliuliza: kama Sara ndiye angepita barabara ile giza likianza, angeitwa nani?

Baada ya mchezo magokoro alimwita Sara. Akamwambia ainame, akamgeuza kichwa huku na huku kama mtu anayechagua kabichi sokoni Daraja Mbili. Akapitisha kidole gumba kisogoni, akafuta kidogo. "Hapa umezidisha," akaniambia. "Nyuma huchelewa." Kisha akashika panja la yule msichana kwa viganja viwili, akakaa hivyo kwa muda, mpaka Sara akanitupia jicho la kuuliza afanye nini. Sikujua nimwambie nini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hakusema lolote kuhusu mchezo ila kwamba Yona yule ni mlevi mzuri na wazazi wake wamwangalie.

Jumamosi mbili baadaye aliniita, akanipa shilingi mia na orodha: chumvi, kiberiti, kanta. Nilisimama mlangoni na pesa mkononi, naye akajua ninachofikiria. "Mchezo wenu ulikuwa mzuri sana," alisema, anapepeta wimbi. "Nenda kabla duka halijafungwa. Na uniletee ile isiyowasha, kama ipo."

Nikaenda. Ile isiyowasha haikuwepo.